Arobaini ya Sikio la Zuwena

Ukitoka Kibaha mjini kuelekea Mlandizi, ukifika Visiga utaona kitalu cha miche kando ya Barabara ya Morogoro, kimeezekwa kivuli cha makuti. Mwenyewe anaitwa Mwinyimadi. Watu wanaojenga Mbwawa huja kwake kununua michungwa, milimau na maua ya uani. Kila fungu la miche limechomekewa kibati chenye jina la mti na bei yake kwa rangi nyeupe. Wageni humsifu kwa mpangilio huo. Wanaomjua wanacheka kimoyomoyo, kwa sababu wanajua vile vibati aliviandika ili asiulizwe.

Mwinyimadi alizaliwa na haya. Alipokuwa anasoma kwao Vihingo, wilaya ya Kisarawe, alikuwa akilijua jibu na mkono haunyanyuki. Alimaliza darasa la saba mwalimu mkuu hajawahi kuisikia sauti yake vizuri. Hata posa alisemewa. Mkewe, Mwanamvua, akitaka kuwachekesha wageni huwaambia, "Mimi nilichumbiwa na mjomba wake. Huyu nilikuja kumkuta ndani ya nyumba."

Walikaa miaka tisa bila mtoto, kisha wakampata Zuwena. Alipokuwa na mwaka na miezi kadhaa, tairi la lori lilipasuka mbele ya nyumba yao. Kuku waliruka, Mwanamvua aliangusha sufuria, Mwinyimadi mwenyewe alijikuta ameshika kichwa. Zuwena aliendelea kuchota mchanga kwa kifuniko cha chupa. Hapo ndipo walipojua.

Mwanamvua alilia siku nyingi. Mwinyimadi naye alihuzunika, lakini kuna jambo hakumwambia mtu yeyote, maana hata yeye hakujua aiiteje hali ile. Zuwena alipoanza kutembea alikuwa akimfuata baba yake kitaluni kutwa. Wakatengeneza lugha yao ya mikono. Vidole viwili kinywani ni maji. Kupiga kiganja juu ya kichwa ni twende. Kushika sikio la mtu na kulivuta kidogo ni nakupenda, hiyo aliianzisha Zuwena mwenyewe. Walipitisha siku nzima pamoja bila neno, na jioni Mwinyimadi anahisi wameongea mengi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepata mtu ambaye hakumdai maneno.

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba kuna upasuaji Dar es Salaam, kwamba mtoto anawekewa kitu ndani ya fuvu, nyuma ya sikio, na cha kuvaa nje, akaweza kusikia, na kwamba Zuwena amekubaliwa, Mwinyimadi alitia saini haraka, kalamu ikatoboa karatasi. Alitaka mwanawe asikie. Alikuwa na hakika anataka. Alipotoka nje ya ofisi ile tu ndipo alipojiuliza kwa nini amefanya haraka vile.

Zuwena alikuwa amebakiza miezi mitatu kutimiza miaka minne. Alirudi nyumbani siku ya nne baada ya kupasuliwa, amefungwa bandeji nyeupe kama kilemba, uso umevimba upande wa kulia. Alikuwa akitembea kwa kuyumba kama mlevi, akishika ukuta. Alitapika mara mbili. Hakutaka kulalia upande ule. Mwinyimadi alikuwa anamtazama na haelewi: walimpeleka mtoto mzima wa afya, asiye na kasoro ila masikio, wamerudishiwa asiyeweza kusimama.

"Tuliambiwa atayumba," Mwanamvua alimkumbusha. "Siku chache tu. Sikio ndilo linaloshika mizani ya mwili."

"Tuliambiwa," Mwinyimadi alikubali.

Majirani wakaja kumtazama. Wa kwanza alikuwa Mashaka, fundi wa kuziba pancha ambaye kibanda chake kimepakana na kitalu. Mashaka ana mdomo wa kutosha watu wawili, na huwa anasema Mungu alimpa na fungu la Mwinyimadi. Aliingia uani, akazunguka nyuma ya mtoto, akapiga makofi mawili makubwa. "Zuwena! We Zuwena!"

Zuwena alikuwa anaikwangua ndizi yake kwa meno. Hakugeuka.

Wanawake waliokuja wakaangaliana. Mmoja akasema, "Mungu ni mwema," kwa sauti ile inayotumika matangani.

"Bado hakijawashwa!" Mwanamvua aliwaka. "Ndani kimewekwa, cha nje anavalishwa mwezi ujao, kidonda kikikauka. Kwani ninyi mkiingiza nyaya ndani ya nyumba taa zinawaka siku hiyo hiyo?"

"Basi shemeji, yaishe," Mashaka alisema. "Mimi nilikuwa napima laini."

Mwinyimadi alikuwa amesimama mlangoni. Habari ya mwezi mmoja aliisikia tangu hospitali, tena aliitikia kwa kichwa. Hata hivyo, Mashaka alipopiga yale makofi, naye aliukaza mwili wote akingoja mtoto ageuke. Alipokosa kugeuka, kitu kilimporomoka kifuani, na nyuma yake kikaja kitu kingine kinachofanana mno na unafuu. Akaona aibu. Akaenda kumwagilia miche ambayo ilikuwa imekwisha kumwagiliwa.

Mwezi ulipotimia walirudi hospitali. Wakapelekwa kwenye chumba kidogo chenye zulia ukutani, kwa mtaalamu wa usikivu, binti mdogo aliyevaa hijabu ya kijivu, anaitwa Firdausi.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Huyu ndiye Zuwena? Jamani, amependeza!"

Alitoa kifaa chenyewe. Kilikuwa na umbo la korosho, kinakaa nyuma ya sikio, na kimetoa waya mfupi unaoishia kwenye kisahani cha duara. Firdausi alikisogeza kisahani kwenye nywele za mtoto, kikaruka chenyewe kikanata. Mwinyimadi alirudi nyuma hatua moja.

"Ni sumaku, baba. Iko nyingine ndani."

Akaanza kubonyeza kompyuta. Zuwena alikuwa anapanga vikombe vya plastiki mezani. Ghafla mkono wake ukasimama hewani. Macho yakamtoka. Akatazama juu, akatazama chini ya meza, kisha akapiga ukelele, akajitupa kwenye khanga ya mama yake, akalia kilio ambacho Mwinyimadi hakuwahi kukisikia kwake, hata alipoungua mguu.

Firdausi akapiga makofi. "Amesikia! Mmeona? Amesikia!"

Mwanamvua naye alianza kulia, huku anacheka. Mwinyimadi alibaki katikati yao watatu, mmoja analia kwa hofu, mmoja kwa furaha, mmoja anashangilia, asijue ajiunge na nani. Ikiwa kusikia ni jambo jema, mbona anayesikia ndiye aliyeumia peke yake?

Baada ya hapo Firdausi alieleza mambo mengi, kwa adabu na kwa haraka. Kila alipofika mahali aliuliza, "Umenielewa, baba?" na Mwinyimadi alijibu, "Nimekuelewa," kwa sababu ndilo jibu linalomaliza mazungumzo. Aliondoka na mambo matatu. Kifaa kisilowe. Mtoto asikivue, isipokuwa kuoga na kulala. Warudi baada ya wiki saba. Firdausi alikuwa amesema pia, "Mzungumzieni sana," lakini hilo Mwinyimadi alilipokea kama mtu anavyopokea "nisalimie nyumbani."

Visiga ikawa mateso. Malori yakifunga breki, Zuwena anakivuta kifaa na kukitupa. Mashaka akigonga rimu, Zuwena anakimbilia katikati ya michungwa na kujifunika kichwa. Mwanamvua alikuwa anauza chakula kwa madereva, anatoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo kutwa Mwinyimadi ndiye aliyekuwa akiokota kifaa mchangani, akikipuliza na kukirudisha. Siku ya tano alimkuta mwanawe amekifukia kwenye mfuko wa mche wa mlimau.

Ndipo ikaja simu ya mama yake, Bi Maua, kutoka Vihingo.

"Baba, hebu nieleze. Mtoto kakatwa?"

"Kakatwa, mama."

"Katiwa kitu kipya mwilini?"

"Ndiyo, mama."

"Na mmemweka wapi?"

"Tuko naye hapa hapa, mama."

"Barabarani!" Bi Maua alisema. "Mzazi anakaa ndani arobaini. Mwali anakaa ndani. Waliotoka jandoni wanakaa mpaka wapone, hata sauti ya mwanamke hawaletewi. Sikio la mtoto ndiyo kwanza limezaliwa, ninyi mmelitoa nje siku ya kwanza mkaliweka kwenye honi za malori. Si litakufa hilo? Mlete huku lipate arobaini yake."

Mwinyimadi aliona mama yake amesema yale yale ambayo yeye alikuwa akiyafikiri bila kuyapata. Kazi yake ni kubebesha michungwa. Unapasua gome la mlimau, unaingiza jicho la mchungwa, unalifunga kwa utepe wa nailoni, unauweka mche kivulini. Wiki tatu huugusi. Fundi mwenye papara ya kufungua kila siku atazame kama jicho limeshika, huliua kwa mikono yake. Kitu kilichopandikizwa kinataka kuachwa.

Mwanamvua alisita. "Yule dada alisema aongeleshwe."

"Ataongeleshwa."

"Na nani? Na wewe?"

"Mama yupo."

Hilo lilimtuliza, maana Bi Maua si bubu. Mwanamvua hakuweza kuiacha biashara, basi Mwinyimadi alimkabidhi kitalu, akambeba Zuwena na kifaa chake na chaja, wakaenda Vihingo.

Bi Maua aliwapokea kwa kidole mdomoni. Alikuwa ameandaa kila kitu. Kinu na mchi amevihamishia kwa jirani. Jogoo amepelekwa kwa mtu. Bawaba za mlango amezipaka mafuta ya nazi. Redio ameivalisha foronya na kuiweka uvunguni. Majirani wameambiwa, na kwa kuwa Bi Maua ni mtu wa watu, walitii wote. Waliopita njiani walikatisha mazungumzo. Waliokuja kumwona mtoto walivua ndala kabla ya kufika uani, wakasema hodi kwa kunong'ona, wakanong'onezwa karibu, wakakaa kidogo wakitabasamu, wakanong'ona kwaheri. Bi Maua, ambaye zamani akimwita mtu ilikuwa anasikika mpaka msituni kwa wachoma mkaa, alikuwa akizungumza na mjukuu wake kwa macho.

Na Zuwena akatulia. Siku ya pili hakukivua kifaa hata mara moja. Siku ya tatu alikileta mwenyewe asubuhi, akampa baba yake amvalishe. Mwinyimadi alitaka kuruka kwa furaha. Akampigia mkewe simu kutoka mbali, nyuma ya mashamba. "Amekikubali. Anavaa kutwa."

"Na anasikia?"

"Anavaa kutwa," Mwinyimadi alirudia.

Zilikuwa siku nzuri kuliko nyingi alizopata kuishi. Alibebesha michungwa kwenye shamba la mama yake, mtoto amekaa kando yake akimshikia tepe. Vidole viwili, maji. Kiganja kichwani, twende. Lakini palikuwa na mambo yaliyomsumbua. Siku moja fenesi lilianguka nyuma yao kwa kishindo. Mabega ya Zuwena yakaruka. Mwinyimadi akaacha kisu, akamtazama. Zuwena alikuwa anajikuna shingo. Je, amesikia? Au ni siafu? Akangoja fenesi jingine lianguke apate kuhakikisha. Halikuanguka.

Jioni ile alimnong'oneza mama yake, "Mbona hata haguni?"

Bi Maua akanong'ona, "Mwana wa siku ishirini unamtaka aseme nini?"

Siku ya arobaini Bi Maua alipika wali wa nazi, akamvalisha Zuwena gauni jipya. Kisha akamwambia mwanawe, "Alipozaliwa ulimwadhinia sikioni. Hakusikia. Leo ana sikio. Mwadhinie tena, ajue kwao."

Mwinyimadi alipiga magoti mbele ya mtoto. Mlangoni walikuwa wamesimama wanawake watano, wote wamenyamaza, wote wanamtazama. Jasho likamtoka. Aliweka mdomo karibu na sikio la kulia, akaadhini kuanzia mwanzo hadi mwisho, maneno yote yakiwa sahihi, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia. Zuwena aliona pumzi inamtekenya, akacheka, akashika sikio la baba yake akalivuta. Wanawake wakafuta machozi. Mwinyimadi akasimama akiwa na wasiwasi asioweza kuutaja.

Wiki iliyofuata walikuwa tena kwenye chumba chenye zulia ukutani, wote watatu. Firdausi aligonga ngoma ndogo nyuma ya Zuwena. Zuwena akapepesa macho. Akaita jina lake. Hakuna. Akaita tena. Hakuna. Tabasamu la Firdausi likapungua kidogo kidogo. Alikivua kifaa, akakiunganisha na kompyuta, akatazama kioo kwa muda mrefu.

"Baba Zuwena, hongereni," alisema. "Amevaa kwa muda wa saa kumi na moja kila siku. Ni wachache sana wanaofika hapo."

Mwinyimadi akavuta pumzi.

"Lakini sielewi jambo moja. Hiki kifaa hakirekodi mnayosema, msiogope. Kinaandika tu alikuwa mahali pa namna gani. Palipo na kelele, palipo kimya, au palipo na mtu anayezungumza." Aliweka kidole kwenye mstari mrefu wa bluu. "Hiki ni kimya. Saa kumi na nusu. Maneno ni dakika kumi na nne."

"Dakika kumi na nne lini?" Mwanamvua aliuliza.

"Kwa siku."

"Kwa siku!" Mwanamvua alimgeukia mumewe polepole. "Baba Zuwena, mlikuwa mnaishi wapi huko? Kaburini?"

"Mama alisema..." Mwinyimadi alianza. Akaeleza, kwa vipande vipande, habari ya arobaini, kinu, jogoo, redio iliyovalishwa foronya. Hakuwahi kusema maneno mengi namna ile mbele ya mgeni. Firdausi alimsikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Mmemtunza," alisema. "Naona kabisa mmemtunza. Kidonda kilitaka utulivu, na kilipata. Lakini sikio hili halikui kwa kupumzishwa, baba. Linakula sauti. Limekaa arobaini na njaa."

"Nilijua!" Mwanamvua alisema. "Mama mkwe nampenda, lakini huyu mama mkwe..."

"Tuangalie na siku zile tano za kwanza, kabla hajaenda," Firdausi alisema, akavuta picha nyingine. "Hizi ni za Visiga, sivyo? Kelele ni nyingi, hapo ni barabarani. Maneno yapo jioni, kwa muda wa saa mbili hivi."

"Jioni nakuwa nimerudi," Mwanamvua alisema.

"Mchana hakuna maneno. Mchana alikuwa na nani?"

Mwinyimadi alitazama mstari wa maneno ya mchana. Ulikuwa mfupi kama ule wa Vihingo. Mtu asiyejua angesema Bi Maua aliwafuata hadi kitaluni.

"Na mimi," alisema.

Mwanamvua alimpakata Zuwena.

"Hatujachelewa," Firdausi alisema taratibu. "Ila umri huu ndio wenyewe, ubongo haungoji. Na mimi siwezi kumpandishia sauti kwa kubahatisha, nampandishia kwa kuona anavyoitikia. Nirudishieni mwezi ujao, nikute maneno humu ndani."

Mwinyimadi alikuwa na swali. "Nimwambie nini?"

"Chochote. Unachofanya, unachoshika, unachoona."

"Ataelewa?"

"Hapana. Sasa hivi hataelewa hata neno."

"Sasa..."

"Wewe sema tu, baba."

Akatoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Kuongea na mtu anayekuelewa kulikuwa kumemshinda miaka arobaini na minne. Sasa anaambiwa aongee kutwa na asiyemwelewa, hadharani, kando ya Barabara ya Morogoro.

Bi Maua alipigiwa simu, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo nimemziba mimi?"

"Hapana, mama," Mwanamvua alisema. "Tumekosea wote."

"Mimi nilimfanyia nilivyofanyiwa na kila aliyeniuguza." Sauti yake ilikatika, ikarudi ikiwa kubwa, ile yake ya zamani. "Haya, niwekeeni hiyo simu sikioni kwake. ZUWENA! MJUKUU WANGU! JOGOO NAMRUDISHA LEO!"

Zuwena akaruka, akaitupa simu.

Siku tatu za kwanza Mwinyimadi alishindwa. Alikaa na mtoto mbele ya mche, akafungua kinywa, akasema, "Hiki... hiki ni kisu," akanyamaza. Neno lilisimama hewani kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mashaka alichungulia kutoka kibandani kwake.

"Umeniita?"

"Hapana."

"Nimesikia sauti ya kiume huko, nikasema wezi wameingia kwa Mwinyimadi."

Mwinyimadi alisema hadi jioni maneno ambayo angeweza kuyahesabu. Mwanamvua alirudi akamkuta amekaa ukutani, Zuwena amelala mapajani, kifaa kimevuliwa kiko kwenye kopo lake.

"Unaogopa nini?" alimwuliza. Hakuuliza kwa ugomvi.

"Sijui."

"Unajua."

Alimfunika Zuwena miguu kwa khanga. "Tulikuwa tunaelewana," alisema. "Mimi na yeye. Vile alivyokuwa."

Mwanamvua alivua viatu vyake, akakaa chini karibu naye. "Mlikuwa mnaelewana ninyi wawili, ni kweli. Mimi nilikuwa nje, nawachungulia. Na mama yako yuko nje, na Mashaka, na dunia nzima. Siku ukifa wewe, Baba Zuwena, nani ataelewana naye?"

Mwinyimadi alikitoa kifaa koponi, akakichomeka kwenye chaja kwa ajili ya kesho.

Kesho yake asubuhi alikuwa na michungwa thelathini ya kubebesha, ya mteja wa Mbwawa. Alimkalisha Zuwena juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamvalisha kifaa, kisahani kikanata. Akachukua mche wa kwanza. Hakumtazama mtoto, wala hakutazama barabarani. Alitazama gome.

"Huu ni mlimau," alisema. "Mlimau una mizizi mizuri, lakini tunda lake kali. Sasa naupasua hapa. Taratibu. Ukikata sana unaua. Hili ni jicho la mchungwa. Naliingiza. Tazama linavyokaa. Sasa utepe. Nazungusha, nazungusha, nazungusha."

"Mwinyimadi!" Mashaka alipaza sauti. "Unamfundisha mtoto au unaniibia wateja?"

Masikio yalimwaka moto. Mteja mmoja mwanamke, aliyekuwa akichagua maua, aligeuka kumtazama. Mwinyimadi akachukua mche wa pili.

"Huu nao ni mlimau. Huu umepinda kidogo. Haidhuru. Naupasua."

Mche wa kumi, sauti ilikuwa imekwaruzika. Mche wa kumi na tano, Mashaka alikuwa ameacha kutania, anagonga rimu yake, na Zuwena alikigusa kifaa lakini hakukivua. Alikuwa amegeuka kule kwenye mlio wa rimu, anautazama. Mwinyimadi aliona. Ameongea asubuhi nzima, na mtoto amegeukia nyundo ya Mashaka! Alihisi wivu wa kijinga, akajiuliza kama ni wivu au ni furaha, akaendelea.

Mche wa ishirini na mbili, maneno yakamwishia. Yalikwisha kabisa, kama maji ya mtungi. Alikuwa ameshika kisu, jicho la mchungwa liko kwenye ncha ya kidole, na hapakuwa na kitu kichwani ambacho hakijasemwa mara ishirini na moja. Akanyamaza. Akapasua gome kimya kimya, akaingiza jicho, akaanza kuzungusha utepe.

Alihisi anatazamwa.

Zuwena alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekuwa anaota jua likafunikwa na wingu. Akapeleka mkono kwenye kisahani, akakibonyeza ahakikishe kimenata. Kilikuwa kimenata. Akakitikisa kifaa cha nyuma ya sikio. Kisha akatazama mdomo wa baba yake, akaendelea kuutazama.

Mwinyimadi alisimamisha mikono. Hii ni nini? Amesikia kwamba sisemi? Mtu anasikiaje kitu ambacho hakipo? Au sumaku inamwasha tu, kama siafu wa siku ile? Akageuka kumtafuta mtu wa kumwuliza. Mwanamvua alikuwa kwenye vyungu vyake. Mashaka alikuwa ameinama ndani ya tairi. Mteja alikuwa ameshaondoka.

Zuwena akashuka kwenye ndoo. Akaja mpaka mbele yake, akaweka kiganja juu ya midomo ya baba yake, akakisukuma, kama anavyofanya mtu kwenye mlango uliogoma.

"Sina la kusema, mwanangu," Mwinyimadi alisema.

Mkono ukatulia pale pale. Uso ukakunjuka.

"Kweli yameniishia," alisema tena, kwa sauti zaidi, maneno yakipita katikati ya vidole vya mtoto. Hakujua kama machozi yanamtoka kwa sababu amempata mwanawe au kwa sababu kuna mtu mwingine amempoteza. "Sijui niseme nini. Tangu asubuhi nasema milimau. Sijui kama unanisikia, wala sijui unasikia nini..."

Mashaka aliinua kichwa kutoka kwenye tairi, akaiweka nyundo chini.

"...na huu nao," Mwinyimadi alisema, akiuvuta mche wa ishirini na tatu, "huu ni mlimau."